HIJJA KWA GARI: UREFU WA NJIA SI UCHAMUNGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad ﷺ, Aali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo.

Wiki hii dada mmoja kaniandikia. Mumewe na wenzake wawili wamechanga pesa wakanunua gari, wanataka kwenda Hijja kwa barabara. Wataondoka miezi minne kabla ya Dhul Hijja, wapite Kenya, Ethiopia na Sudan, kisha wavuke bahari waingie Saudia. Ukurasa wa kuonesha safari wameshaufungua, na namba ya michango wameiweka juu kabisa. Dada ana watoto watatu. Anauliza: "Sheikh, nikimuuliza atatuachia nini cha kula, ananijibu kuwa namzuia njia ya Allah. Je, mimi nina dhambi?"

Dada yangu, huna dhambi. Umeuliza swali ambalo mafakihi waliliuliza kabla hawajafika kwenye kipando. Na kwa kuwa jambo hili si la nyumba yako peke yako, maana siku hizi vijana wengi wanaona safari za namna hii kwenye simu na nyoyo zao zinawaka, nimeona nilieleze hapa ili tunufaike wote.

Niseme mapema: mimi sipingi safari ya barabara. Kwenda Hijja kwa gari, kwa pikipiki au kwa mnyama ni halali. Mwaka 2025 Waislamu kutoka Hispania walifika Makka kwa farasi, na tukafurahi nao. Ninachokipinga ni fikra kwamba njia ikiwa ndefu na ngumu zaidi, basi ibada imekuwa bora zaidi, na kwamba anayehoji maandalizi ana upungufu wa imani.

JAMBO LA KWANZA: UWEZO NI NINI?

Katika Suratu Aal Imran, aya ya 97, Allah Ameiwajibisha Hijja kwa watu, lakini Ameifungamanisha na uwezo wa kuiendea. Sharti hili Ameliweka Yeye Mwenyewe, Aliyetuumba na Anayejua mifuko yetu.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii waliufafanua uwezo huo. Upate masurufu ya kwenda na kurudi. Upate kipando. Masurufu hayo yawe ni ziada, baada ya kutoa madeni yako na baada ya kutoa matumizi ya wale unaowajibika kuwalisha, tangu siku unayotoka mpaka siku unayorudi. Na njia iwe na amani kwa nafsi yako na mali yako.

Angalieni mpangilio huo. Kipando ni sharti moja tu kati ya hayo. Mtu akinunua gari akaona amekamilisha uwezo, amepata robo akaiita kitu kizima.

Na sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ikiwa masharti haya hayajatimia kwako, Hijja haijakuwajibikia. Ukifa leo, hukufa na deni la Hijja. Hata mtu baki akikwambia "chukua pesa hizi uende Hijja", wanavyuoni wetu wanasema hulazimiki kuzikubali. Ukienda hivyo hivyo ukatimiza nguzo zake, Hijja yako itasihi. Lakini kusihi kwa Hijja hakufuti dhambi ya watoto uliowaacha na njaa. Mtume ﷺ ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwapoteza wale anaowalisha. Hakusema isipokuwa kama amekwenda Makka.

JAMBO LA PILI: "SISI TUNAMTEGEMEA ALLAH"

Najua jibu litakalokuja: "Sheikh, riziki anatoa Allah, sisi tunatawakali."

Neno hili si jipya. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza, na Imamu Bukhari ameipokea, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hijja bila masurufu, wakisema wao ni wenye kutawakali. Wakifika Makka wanaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kueleza kuwa masurufu bora ni uchamungu.

Watu huikumbuka sehemu ya uchamungu wakaisahau sehemu ya masurufu. Lakini aya imeteremka kwa ajili ya watu waliotoka mikono mitupu kwa jina la tawakkul! Na uchamungu uliotajwa hapo, katika maana zake, ni kujizuia usiwe mzigo kwa wengine.

Leo mwombaji hafiki Makka akanyoosha mkono. Anaunyoosha kwenye simu angali sebuleni kwake. Mchango ukiwa wa ridhaa, na watu wakaambiwa ukweli unakwenda wapi, siuharamishi. Lakini pesa ya mchango ni amana. Iandikwe, ihesabiwe, na ikibaki warudishiwe wenyewe au waulizwe. Ukiomba pesa ya mafuta ukampelekea fundi akufungie muziki mzito, utaulizwa. Na mkumbuke yule mtu ambaye Mtume ﷺ amemtaja katika Hadithi ya Muslim: msafiri wa mbali, nywele zimetimka, mwili umejaa vumbi, anainua mikono mbinguni kumwomba Mola wake, na chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu, vazi lake ni haramu. Vumbi lote lile la safari halikumsaidia.

JAMBO LA TATU: JE, TAABU INA THAWABU?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, twende polepole.

Wapo wanaotoa hoja kwa Hadithi ya Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume ﷺ alimwambia kuwa malipo ya umra yake ni kwa kadiri ya matumizi yake au taabu yake. Na wapo wanaotaja Suratul Hajj, aya ya 27, inayowataja mahujaji wakija kwa miguu na juu ya ngamia waliokonda kwa safari.

Yote ni haki. Lakini wanavyuoni, akiwemo Al-Izz ibn Abdis Salaam na Imamu Shatibi, wamebainisha: taabu inayokuja yenyewe pamoja na ibada ina malipo, taabu unayokwenda kuitafuta kwa kuwa ni taabu, hiyo hujikurubishi nayo kwa Allah. Maji ya alfajiri yakiwa ya baridi na hakuna mengine, tawadha, una malipo. Yakiwepo ya vuguvugu ukayaacha ili uteseke, umejipa kazi usiyotumwa.

Ushahidi ni wa Mtume ﷺ mwenyewe. Alimwona mzee anakokotwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza, akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea. Akabainisha kwamba Allah hana haja na mzee huyu kujiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Dada yake Uqba ibn Aamir naye aliweka nadhiri ya kutembea mpaka kwenye Nyumba ya Allah. Mtume ﷺ akaelekeza kwamba atembee na apande pia.

Hawa walikuwa wameshaweka nadhiri! Wewe ambaye hujaweka hata nadhiri, nani amekutuma?

JAMBO LA NNE: TAZAMENI RAMANI

Tuiache vitabu kidogo tuitazame barabara yenyewe, kwa sababu sharti la amani ya njia halijulikani kwa kufumba macho.

Kutoka Nairobi mpaka Moyale ni karibu kilomita 800. Zamani kipande cha Isiolo kwenda Moyale kilikuwa vumbi na mawe, na magari yakienda kwa msafara wenye askari. Leo ni lami, alhamdulillah. Kutoka Moyale mpaka Addis Ababa ni karibu urefu kama huo tena. Kufika hapo, mtu mwenye gari zima na karatasi zake anaweza.

Ugumu unakuja mbele. Bara letu limeshikana na Asia kwa nchi kavu sehemu moja tu, nayo ni Sinai, Misri. Na anayetoka huku Afrika Mashariki kufika Misri kwa gari, njia yake ni Sudan. Anayetaka kuvuka kwa meli kwenda Jeddah, bandari ya njia hiyo nayo ipo Sudan vilevile. Na Sudan imeingia vitani tangu Aprili 15, 2023. Mamilioni ya ndugu zetu wamekimbia nyumba zao. Wenye nchi wanaikimbia barabara ile kwa miguu, nasi twataka kuipita tukipiga picha? Anayefikiria kuzungukia Djibouti avukie Yemen naye atazame hali ya Yemen ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 2023 kijana mmoja wa Guinea alitoka kwao kwa baiskeli kwenda kusoma Al-Azhar, Misri. Nia njema, kutafuta elimu. Njiani alikamatwa na kuwekwa kizuizini zaidi ya mara moja. Alipofika Chad, vita vya Sudan vikawa mbele yake, na ni watu wema waliomlipia ndege mpaka Cairo. Allah Alimfungulia. Lakini tusichukue mlango aliofunguliwa mmoja tukaufanya kanuni ya kila mtu.

Mtaniuliza: na wa zamani je? Someni vizuri habari za wa zamani. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325, akiwa na miaka 21, nia yake Hijja. Alifika mpaka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, ili avuke kwenda Jeddah. Akakuta mapigano, na vyombo vya kuvukia vimezamishwa. Alifanya nini? Aligeuka. Alirudi Cairo, akaenda Damascus, akatoka na msafara wa mahujaji wa huko, akahiji mwaka 1326. Msafiri mkubwa kuliko wote tunaowajua, njia ilipokosa amani, aligeuza ngamia. Hakuna aliyesema imani yake ni ndogo.

Na mahujaji wa Afrika Magharibi, karne kwa karne, walipita Sudan kuelekea Makka. Wengi walifika. Wengi pia waliishiwa masurufu, wakabaki kulima na kufanya vibarua, na wajukuu zao wako Sudan hadi leo. Na wazee wetu wa Pwani walikwenda kwa jahazi, wakisubiri kusi iwapeleke Arabuni na kaskazi iwarudishe. Nahodha aliyengoja upepo hakuitwa mwoga, aliitwa nahodha.

JAMBO LA TANO: MLANGO WA SAUDIA

Kuna kundi linadhani ukifika mpakani na gari lako na ihramu yako, watakuonea huruma. Hijja sasa inakwenda kwa viza ya Hijja na kibali. Viza ya matembezi haikuruhusu kuhiji. Mwaka 2025 faini ya kuhiji bila kibali ilifika hadi riyali 20,000.

Msione ni ukali wa serikali tu. Hijja ya mwaka 2024, joto katika Msikiti wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Walifariki watu 1,301, na serikali ya Saudia ilieleza kuwa asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Hawakuwa na hema, hawakuwa na basi, walitembea masafa marefu juani. Allah Awarehemu na Awakubalie. Lakini aliye hai ajifunze. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

JAMBO LA SITA: ANAYEKUSUDIA KWELI AFANYE HAYA

Huenda Allah Akaileta amani, njia ikafunguka, nasi tukawaaga ndugu zetu kwa takbira. Inshaallah. Ikifika siku hiyo, haya ndiyo maandalizi:

1. Lipa madeni yako. Shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni, kwa Hadithi ya Muslim. Deni likiwa limefika wakati wake nawe unaweza kulilipa, huna ruhusa ya kusafiri bila idhini ya aliyekukopesha. Ukitoroka, safari yako imekuwa ya maasi, na katika madhehebu yetu msafiri wa maasi hana hata ruhusa ya kupunguza swala! Fikiria: upo njiani kwenda Makka na huna haki ya kuswali rakaa mbili.

2. Acha matumizi ya nyumba mkononi mwa mkeo, kwa hesabu ya miezi yote, na ziada ya dharura. Ahadi ya "nitatuma nikifika" haiivishi chungu.

3. Andika wasia, uweke na mashahidi. Kila mtu ajue gari ni la nani na kila mmoja ametoa kiasi gani. Mkiwa watatu mmechanga na mmoja akafariki njiani, fungu lake ni mirathi ya watoto wake, si mafuta yenu.

4. Mchague amiri. Mtume ﷺ ameelekeza watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao. Awe ndiye mwenye neno la mwisho la kusimama, kulala na kugeuza. Gari lisilo na amiri huwa na madereva watatu na breki hakuna.

5. Karatasi. Pasi na viza za kila nchi. Bima: Kadi ya Njano ya COMESA inafanya kazi Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Sudan, lakini haikufikishi Misri wala Saudia. Misri wanataka karneti, hati ya forodha inayodhamini kwamba gari litatoka. Chanjo ya homa ya manjano, na ya homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Magari yetu usukani upo kulia, na kuanzia Ethiopia mnaendesha upande wa kulia wa barabara. Ulizeni ubalozi kabla kama gari la namna hiyo linaingia Saudia.

6. Usingizi. Dereva aliyechoka ni hatari kwa nafsi na kwa watu wa barabarani. Mkisimama usiku, msilale kandokando ya njia. Mtume ﷺ amekataza kupiga kambi njiani, kwa kuwa ndipo wanapopita wanyama na wadudu. Leo ongezeni malori.

7. Fikihi ya njia. Msafiri hupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na hujumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Swala ya faradhi simamisheni gari, mshuke, muelekee kibla. Mkinuia kukaa mji mmoja siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, mnatimiza swala. Mkiwa mnangoja viza na kila siku mnatarajia kuondoka, mnaweza kupunguza mpaka siku 18. Mjue pia miqati yenu: anayepitia Madina anahirimia Dhul Hulayfa, yaani Abyar Ali, na anayekuja kwa njia ya pwani anahirimia Rabigh, kwenye usawa wa Juhfa.

8. Simu. Rekodi ukitaka, lakini jiulize: kama mtandao ungezimwa siku ya kuondoka, ningeondoka? Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume ﷺ alihiji juu ya tandiko kuukuu na kitambaa kisichofika dirhamu nne, akimwomba Allah iwe Hijja isiyo na riya wala kutafuta kusikika. Yeye ni Mtume, na aliomba hivyo.

NENO LA MWISHO

Kwa mume wa dada yetu, nami nakupenda kwa ajili ya Allah: shauku yako ya Makka ni neema, usiizime. Lakini leo njia yako haina amani na nyumba yako haina matumizi. Uzeni gari, rudishieni watu michango yao au waulizeni. Anza kuweka akiba kidogo kidogo, na ukifikia kiwango jiandikishe kwa taasisi yenye kibali. Katika madhehebu yetu Hijja ina wasaa hata kwa aliyeweza, maadamu ameazimia kuitekeleza, sembuse wewe ambaye hujawajibikiwa. Ukifa ukiwa kwenye nia hiyo, Allah Anayajua yaliyo moyoni.

Na kwako dada: mkumbushe kwa upole, mtayarishie chai, msomee maneno haya. Kudai chakula cha watoto wako si kumzuia mtu njia ya Allah. Kuwalisha watoto ni katika njia ya Allah, na ndiyo inayoanzia mlangoni kwenu.

Ewe Mola wetu, wape amani ndugu zetu wa Sudan na Yemen, warudishe makwao salama. Tufungulie njia ya kuifikia Nyumba Yako kwa mali ya halali, kwa afya na kwa usalama, na uturejeshe kwa watoto wetu tukiwa tumesamehewa. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Msambazie nduguyo mwenye safari. Mwenye swali la fikihi ya safari aliandike hapa chini, nitajibu baada ya Isha inshaallah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.